Swali, Hoja na Muswada: Kutoka Karusandara hadi Ukumbi wa Bunge

Karusandara ni gombolola, yaani kitengo cha utawala kilicho juu ya parokia na chini ya kaunti katika mpangilio wa serikali za mitaa nchini Uganda, na ardhi yake ni tambarare yenye joto inayoanzia kwenye vilima vya chini vya Rwenzori na kuteremka taratibu kuelekea Ziwa George. Msafiri anayetoka Fort Portal kwenda Kasese huyaacha nyuma mashamba ya chai na baridi yake, hupita Hima penye kiwanda cha saruji, kisha hukata kushoto na kuingia katika nchi ya ng'ombe, mahindi na mpunga. Nyuma yake huwa kuna mlima ambao kilele chake cha Margherita, chenye mita 5,109, hufunikwa na mawingu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mbele yake kuna nyika ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Wakazi wengi ni Wakonzo, ambao kwa asili ni wakulima wa milimani, na Wasongora, ambao ni wafugaji wa tambarare, na kati yao suala la nani alime wapi na nani achunge wapi limezidi kuwa gumu tangu mwaka 2006, wakati wafugaji waliokuwa wakiishi ndani ya Hifadhi ya Virunga nchini Kongo walipofukuzwa na kurudi Uganda na mifugo yao bila ardhi ya kuiweka.

Taratibu za Bunge kwa kawaida huelezwa kuanzia juu, kwa Spika, kwa Kanuni na kwa orodha ya shughuli za siku, na maelezo ya namna hiyo, ingawa ni sahihi, humwacha msomaji bila kujua kwa nini mbunge achague kuuliza swali badala ya kuleta hoja, au hoja badala ya muswada. Katika gombolola iliyo mbali na Kampala uchaguzi huo una uzito wa chakula na ada ya shule, kwa hiyo ni vyema maelezo yaanzie huko.

Katika shamba moja lililo jirani na mpaka wa hifadhi, mahindi yalikuwa yamefikia kimo cha mtu na kuanza kutoa mbelewele pale tembo walipopita usiku. Asubuhi palibaki mistari ya mabua yaliyovunjwa, magunzi yaliyotafunwa nusu na kutemwa, na nyayo zilizozama katika udongo mweusi uliolowa, ambazo mama mwenye shamba alizipima kwa kuingiza miguu yake yote miwili ndani ya wayo mmoja, na bado nafasi ikabaki. Alieleza, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kikonzo, kwamba vijana walikesha wakipiga madebe, kwamba moto uliwashwa pembeni mwa shamba, na kwamba ada ya watoto ya muhula uliofuata ilikuwa imesimama katika mabua yale. Alipoulizwa iwapo habari hiyo iliwahi kufika Bungeni, jirani yake, mzee wa Kisongora aliyekuja na fimbo yake kumpa pole, alijibu kwa niaba yake: "Mwanangu, mbunge tunamwona kwenye matanga na kwenye harambee. Huko Kampala anasema nini, sisi tutajuaje?"

Jibu hilo lina ukweli mzito, kwa kuwa kote Uganda, na kwa kiasi kikubwa Tanzania na Kenya pia, mwakilishi hupimwa kwa mchango wake wa msiba, kwa mabati aliyolipia zahanati na kwa gari lake kuonekana barabarani, hali kazi aliyochaguliwa kuifanya hufanyika kwa maneno ambayo mpiga kura hayasikii. Maneno hayo yamegawanyika katika aina tatu, na kila aina ina uwezo wake na mipaka yake.

Aina ya kwanza ni swali. Swali la kibunge ni ombi rasmi la kutaka waziri aeleze jambo lililo chini ya mamlaka yake, likiwa limetolewa kwa taarifa ya maandishi ili wizara ipate nafasi ya kuandaa jibu, nalo halitakiwi kuwa na mabishano wala maoni ndani yake. Bunge la Uganda hukutana kwa kawaida Jumanne, Jumatano na Alhamisi kuanzia saa nane mchana, na Alhamisi hutengwa muda wa Waziri Mkuu kuulizwa. Mgeni anayetoka Tanzania huona tofauti hapo, kwa sababu mjini Dodoma kikao cha kila siku hufunguliwa kwa maswali, waziri husimama na kujibu, na mwulizaji hupewa maswali ya nyongeza ambayo mara nyingi ndiyo yanayomtoa waziri jasho, ilhali Kampala imezoeleka zaidi mbunge kusimama na kulitaja jambo la dharura lenye umuhimu kwa taifa, na waziri kuahidi kurudi na majibu. Mtindo wa Dodoma ni bora katika hili, kwa kuwa swali lililoandikwa, lenye namba na tarehe, haliwezi kusahauliwa kwa urahisi kama ahadi iliyotolewa kwa mdomo katika ukumbi wenye wabunge zaidi ya 500.

Wapo wanaolidharau swali kwa kuwa halibadilishi sheria. Lakini kwa shamba la Karusandara swali ndilo chombo kinachoweza kutumika mapema zaidi: uzio wa umeme wa kuzuia tembo utafika lini katika parokia fulani, askari wangapi wa wanyamapori wamepangwa huko, madai mangapi ya fidia yamepokelewa kutoka Kasese na mangapi yamelipwa. Waziri akijibu, jibu lake huingia katika Hansard, yaani kumbukumbu rasmi ya kila neno linalosemwa ukumbini, na kuanzia siku hiyo mwananchi ana kitu cha kumdai.

Aina ya pili ni hoja, yaani pendekezo linalotolewa na mbunge ili Bunge lote lilijadili na kuliamua, na ni lazima liungwe mkono na mwingine kabla ya mjadala kuanza. Hoja iliyopitishwa huwa azimio, na azimio hubeba sauti ya Bunge bila kuwa na nguvu ya sheria. Linaweza kuitaka serikali ichukue hatua, kuunda kamati teule ya uchunguzi au kumshutumu waziri. Watanzania wanaijua nguvu yake na hatari yake kwa mfano wa Agosti 2007, wakati Zitto Kabwe alipoleta hoja binafsi ya kutaka mkataba wa mgodi wa Buzwagi uchunguzwe, hoja ikakataliwa na mwenyewe akasimamishwa ubunge kwa miezi kadhaa, lakini jambo alilolitaja likaendelea kuzungumzwa nchi nzima hadi serikali ikaunda kamati ya kupitia mikataba ya madini. Pamoja na hoja huenda ombi la wananchi, ambalo ni waraka uliotiwa saini na watu wenyewe na kuwasilishwa Bungeni na mbunge ili upelekwe kwenye kamati. Mzee yule wa Karusandara alisikiliza kwa makini sana alipoelezwa kwamba watu wa kijiji kimoja wanaweza kuandika ombi la namna hiyo, akauliza kama ni lazima liandikwe na wakili. Si lazima, na inasikitisha kwamba mtu aliyepiga kura maisha yake yote aisikie habari hiyo kutoka kwa mpita njia.

Aina ya tatu, iliyo nzito kuliko zote, ni muswada, yaani rasimu ya sheria. Miswada mingi hutoka serikalini, ikiletwa na mawaziri, lakini Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 94, inampa kila mbunge haki ya kuleta muswada binafsi, na inaitaka ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali imsaidie kitaalamu katika kuuandika. Njia yake huanza kwa hoja ya kuomba ruhusa ya Bunge, rasimu ikiwa imeambatishwa. Ruhusa ikitolewa, muswada huchapishwa katika Gazeti la Serikali, husomwa mara ya kwanza bila mjadala na kupelekwa kwenye kamati, ambayo Kanuni huipa siku 45 kusikiliza wadau na kutoa taarifa, kisha husomwa mara ya pili, ambapo misingi yake hujadiliwa, hupitiwa kifungu kwa kifungu katika Kamati ya Bunge Zima, na hatimaye husomwa mara ya tatu na kupitishwa. Rais ana siku 30 za kuusaini, kuurudisha au kuukataa, na Bunge likishikilia msimamo wake kwa theluthi mbili ya wabunge wote baada ya muswada kurudishwa mara mbili, muswada huwa sheria bila saini yake.

Kila hatua ina uzito wake, hata ile inayoonekana kuwa ya kawaida mno. Sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja iliyotokana na muswada binafsi wa David Bahati, na iliyopitishwa tarehe 20 Desemba 2013, ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba tarehe 1 Agosti 2014, kwa sababu tu akidi, yaani idadi ya chini ya wabunge wanaotakiwa kuwepo, haikuhakikishwa kabla ya kura kupigwa. Mwaka 2017 hoja ya kuomba ruhusa ya Raphael Magyezi, mbunge wa Igara Magharibi aliyetaka kuondoa ukomo wa umri wa rais, ilizua ngumi na viti kurushwa ndani ya ukumbi kabla hata muswada wenyewe haujasomwa, na ilipofika tarehe 20 Desemba mwaka huohuo Bunge lilikuwa limepitisha mabadiliko hayo ya Katiba, kwa kazi iliyoanzishwa na mbunge asiye waziri.

Mtu akiiangalia mifano hiyo anaweza kudhani kwamba muswada binafsi unaweza lolote. Hapa ndipo lilipo fundo la mambo yote, na ndipo mama wa Karusandara anapoguswa. Ibara ya 93 ya Katiba inalikataza Bunge kushughulikia muswada au hoja inayoweka kodi au inayotoa fedha katika Mfuko Mkuu wa Hazina au mfuko mwingine wa umma, isipokuwa iwe imeletwa kwa niaba ya serikali. Tanzania ina katazo linalofanana nalo katika ibara ya 99 ya Katiba yake, na chimbuko la yote mawili ni mila ya Bunge la Uingereza. Zaidi ya hapo, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015 inataka kila muswada uwe na cheti cha athari za kifedha kutoka Wizara ya Fedha, yaani maelezo ya gharama zitakazoletwa na sheria hiyo, na ingawa cheti huhesabiwa kuwa kimetolewa siku 60 zikipita bila jibu, siku hizo hutosha kuupoza muswada wowote. Kwa sababu hiyo miswada binafsi iliyofanikiwa kirahisi ni ile inayokataza jambo bila kudai hela nyingi, kama ile miwili ya daktari Chris Baryomunsi, ule dhidi ya ukeketaji, uliogeuka kuwa sheria mwaka 2010, na ule wa kudhibiti tumbaku, uliogeuka kuwa sheria mwaka 2015. Fidia ya mahindi yaliyoliwa na tembo ni fedha tupu, na muswada binafsi wa fidia ungegota kwenye ibara ya 93.

Ilivyotokea ndivyo ilivyopaswa kutokea chini ya mfumo huo, lakini kwa mwendo wa pole sana. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 1996 iliwapa majirani wa hifadhi asilimia 20 ya viingilio vya getini kwa miradi ya pamoja, lakini haikumtambua mtu mmoja mmoja aliyepoteza shamba, ng'ombe au ndugu. Wabunge wa maeneo yanayopakana na hifadhi walilalamika mwaka baada ya mwaka, kwa hoja na kwa matamko, mpaka serikali yenyewe ilipoleta muswada wa mwaka 2017, uliogeuka kuwa Sheria ya Wanyamapori ya 2019, ambao ulianzisha mpango wa fidia unaolishwa na asilimia 2 ya mapato ya Mamlaka ya Wanyamapori Uganda. Kati ya sheria hizo mbili imepita miaka 23. Huko Karusandara muda huo unatosha mtoto kuzaliwa, kusoma, kuoa na kuanza kukesha shambani akipiga debe lilelile alilopiga baba yake. Hata hivyo malalamiko yaliyokaa katika Hansard kwa miaka hiyo hayakupotea bure, kwani waziri hakuwa na pa kusimama akasema kwamba tatizo ni jipya.

Safari kutoka tambarare hiyo kwenda mjini Kasese hufuata mashamba ya mradi wa umwagiliaji wa Mubuku, yanayopata maji ya mito ya Sebwe na Mubuku, na kwa anayetoka Kilombero au Mwea mpunga ule wa chini ya mlima huonekana kuwa wa nyumbani. Chakula cha mchana huwa ni obundu, ugali wa muhogo wa Wakonzo. Mama ntilie aliyekuwa akiusonga kibandani hakuuacha hata mara moja: aliutia unga kidogo kidogo katika maji yanayochemka, akaubana kwa mwiko kwenye ukuta wa sufuria hadi ukang'aa na kuvutika, kisha akaufinyanga kwa bakuli lililoloweshwa na kuuweka mezani pamoja na samaki wa ziwani na sombe, yaani majani ya muhogo. Mwalimu mstaafu aliyekuwa akila meza ya pili alisikia mazungumzo ya Bunge na kusogeza kiti.

Aliyoyasimulia mwalimu huyo yamo katika historia. Mwaka 1962 Isaya Mukirane, Yeremia Kawamara na Petero Mupalya, waliokuwa wawakilishi wa Wakonzo na Waamba katika Rukurato, yaani baraza la ufalme wa Toro, walitaka makabila yao yatambuliwe katika katiba ya ufalme huo, na walipokataliwa walitoka nje ya baraza. Kutoka kwao ndiko kulikozaa vuguvugu la Rwenzururu na vita vya mlimani vilivyokwisha kwa makubaliano ya mwaka 1982, wakati wilaya ya Kasese ilikuwa imekwisha kuundwa tangu 1974. Serikali ilikuja kuutambua ufalme wa Rwenzururu mwaka 2009. Watu wa nchi hii basi wanajua gharama ya pendekezo kukataliwa barazani pasipo njia nyingine ya kulirudisha. Mwalimu aliongeza kwa fahari kwamba uchaguzi wa 1980 ulipompa chama cha UPM kiti kimoja tu nchi nzima, kiti hicho kilitoka Kasese, kwa Crispus Kiyonga, na kwamba mwaka 2016 Winnie Kiiza, mbunge mwanamke wa wilaya hii, alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Kiongozi wa Upinzani Bungeni. "Sisi hatukukosa watu wa kusema," alisema. "Tumekosa kusikia walichosema."

Mto Nyamwamba unaopita mjini Kasese ulifurika mwaka 2013, na Mei 2020 ukafurika tena na kuiharibu vibaya hospitali ya Kilembe, katika bonde la mgodi wa shaba uliowahi kuleta reli hadi hapa mwaka 1956. Kwa mambo ya namna hii, na kwa msiba kama shambulio la tarehe 16 Juni 2023 dhidi ya shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, lililoua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, muswada hauna msaada wa haraka na swali la maandishi huchelewa. Kilichopo ni mbunge kumwomba Spika ruhusa ya kulitaja jambo la dharura, na waziri kuitwa atoe kauli.

Bwera na Mpondwe ziko mwisho wa barabara, ambako mto Lhubiriha hutenganisha Uganda na Kasindi ya Kongo. Siku ya soko daraja huwa halipitiki kwa magunia ya unga wa muhogo, samaki wakavu, vitenge na kahawa, na lugha inayofanya biashara yote hiyo iende ni Kiswahili, kile cha Kongo kikijibiwa na kile cha Uganda, bei ikitajwa kwa faranga na kulipwa kwa shilingi. Mfanyabiashara wa kahawa, aliyeketi juu ya gunia akiwa na redio ndogo mkononi, aliuliza kwa nini yeye anaweza kufuata mjadala wa Dodoma kwa Kiswahili, lakini mjadala wa Kampala, unaoamua ushuru wa kahawa yake, humfikia kwa Kiingereza.

Swali lake lina jibu la kisheria. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, itakayotumika katika mazingira ambayo Bunge litayaainisha kwa sheria, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza wabunge na mawaziri wenyewe wafundishwe Kiswahili. Kenya iliruhusu Kiswahili Bungeni mwaka 1974 kwa agizo la Jomo Kenyatta. Kwa Uganda kazi hiyo imeachiwa muswada, na kwa kuwa ukalimani ukumbini na uchapaji wa Hansard kwa lugha mbili ni gharama kwa hazina, mbunge wa Kasese atakayetaka kuuleta atahitaji cheti cha Wizara ya Fedha, na huenda ibara ya 93 ikamlazimu kwanza amshawishi waziri aulete kwa niaba ya serikali. Hoja ya kuitaka serikali ifanye hivyo, pamoja na ombi lenye saini za wafanyabiashara wa Mpondwe, haihitaji cheti hicho.